Mbeni

Mbeni ni ngoma ya vijana wa Kikamba, inayojulikana Kitui, Makueni na Machakos kwa sarakasi zake. Asili yake inahusishwa na beni, ngoma ya Pwani iliyoiga bendi na gwaride la wanajeshi wa kikoloni. Mombasa ilikuwa na makundi hasimu ya beni, Kingi na Scotchi. Tanga na Dar es Salaam zilikuwa na Marini na Arinoti. Vita vya 1914–1918 viliisambaza beni bara kupitia askari na wapagazi.

Wakamba waliipokea kwa namna yao. Wachezaji hujipanga safu, ngoma zikarindima, kiongozi akapuliza filimbi: hapo hatua hubadilika ghafla, na mmoja akajirusha hewani, akapinduka na kutua kwa miguu bila kupoteza mdundo. Ushindani wa Pwani ulikuwa wa mavazi na vyeo. Ukambani ni wa viungo.

Mbeni isichanganywe na kilumi, ngoma kongwe ya wanawake, hasa wazee, ya kuomba mvua na kutibu waliopagawa.

Bomas of Kenya, iliyoanzishwa Nairobi 1971, imekuwa ikionyesha sarakasi za Kikamba jukwaani kwa watalii.