Bao la Kiswahili: Kutoka Barazani Hadi Kwenye Kompyuta

Mwanafunzi wa Kiswahili hapa Bujumbura akisikia redioni kwamba timu imefunga bao, huelewa mara moja kuwa ni goli. Lakini ukimuuliza namua ni nini, au ni katika mchezo gani nyumba huweza kusafiri, mara nyingi hunyamaza. Maneno hayo ni ya bao la Kiswahili, mchezo wa kale wa mbinu katika Afrika Mashariki, ambao siku hizi huchezwa pia kwenye kompyuta na simu. Makala haya yanaeleza kwa ufupi jinsi mchezo huo ulivyofika kwenye mashine, na yanauliza kama lugha yake imesafiri nao.

Kwa wasioufahamu, ubao wa bao una safu nne za mashimo manane manane. Kila mchezaji anamiliki safu mbili zilizo upande wake, na kete zote ni 64. Kete za asili ni komwe, yaani mbegu za mkomwe. Mchezo una hatua mbili. Katika ya kwanza, iitwayo namua, kila mmoja huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, ambazo huziingiza moja moja. Zikiisha, huanza mtaji, ambapo huchezwa kwa kete zilizo ubaoni tu. Kete za mpinzani huliwa kutoka safu yake ya mbele, kisha husambazwa upande wa aliyekula. Aliyeishiwa kete katika safu ya mbele, au asiye na la kucheza, ameshindwa. Hakuna dadu wala bahati. Kuna hesabu, kumbukumbu na subira.

Umri wa mchezo huu ni mkubwa kuliko maandishi yanayouhusu. Mwaka 1658 Mfaransa Étienne de Flacourt alieleza mchezo wa Madagaska ambao watafiti huuhusisha na bao. Mjini Mombasa, Muyaka bin Haji, malenga wa mwanzo wa karne ya 19, alitunga shairi lijulikanalo kwa jina la Bao Naligwa. Leo bao linachezwa Zanzibar, pwani ya Kenya na Tanzania, Komoro, na hata Malawi, ambako huitwa bawo.

Kwetu Burundi, Kiswahili kilifika pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19 iliyopitia Ujiji na Ziwa Tanganyika, kikapata makazi katika mitaa kama Buyenzi. Lakini nchi ina pia mchezo wake wa safu nne, ikibuguzo, ambao ni ndugu wa igisoro ya Rwanda na omweso wa Uganda. Ubao unafanana na ule wa bao, ila kanuni ni tofauti. Katika ikibuguzo hakuna namua, kwa kuwa kete zote zipo ubaoni tangu mwanzo. Na anayekula huchukua kete za mashimo mawili ya mpinzani, la mbele na la nyuma yake. Philip Townshend alichapisha mwaka 1977 utafiti juu ya michezo ya aina hii katika Zaire ya wakati huo, Rwanda na Burundi.

Michezo ya ukoo huu iliingia mapema katika kompyuta. Katika miaka ya 1960 huko Marekani iliandikwa programu ya kalah, mchezo mwepesi uliobuniwa na Mmarekani William Julius Champion kwa kufuata mfano wa ile ya kale. Mwaka 2002, John Romein na Henri Bal wa Amsterdam waliikokotoa awari, mchezo wa safu mbili wa Afrika Magharibi. Walipitia mipangilio ya kete zaidi ya bilioni 889, wakaonyesha kuwa wachezaji wawili wasiokosea hutoka sare. Mwaka huohuo Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk wa Maastricht walitoa makala kuhusu kuandika programu ya bao. Kanuni walizozitumia zilitokana na kazi ya Alex de Voogt, ambaye tasnifu yake ya mwaka 1995 ilihusu umahiri wa mafundi wa bao wa Zanzibar. Kwa hiyo nyuma ya programu ile kulikuwa na wazee waliokaa barazani wakaeleza, kwa Kiswahili, nini kinaruhusiwa na nini hakiruhusiwi.

Hapo pana jambo la kuzingatia. Mwaka 2006 Donkers na de Voogt, pamoja na Tom Kronenburg, walichapisha makala kuhusu zamu zisizokwisha katika bao: ipo mipangilio ambayo mchezaji akianza kusambaza kete, anaweza kuendelea bila kukoma. Barazani jambo hilo si tatizo kubwa. Mchezaji huchoka, mwenzake hulalamika, watazamaji huamua. Kompyuta haina watazamaji. Aliyeandika programu sharti aamue mapema, na uamuzi wake huwa sheria kwa kila atakayeicheza, awe Pemba au Rumonge.

Ikiwa kanuni huamuliwa hivyo, maneno nayo huamuliwa vivyo hivyo. Barazani kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, mchezaji amelala. Mchezo usio na kula ni takata. Shimo la pembeni katika safu ya mbele ni kichwa, na linalofuata ni kimbi. Lile shimo kubwa la mraba ni nyumba, na mwenye nyumba huweza kuchagua kuitoa safari. Safu ya mbele ya mpinzani ikiwa tupu, mshindi hutamka: hamna! Tazama jinsi maneno ya kawaida kabisa, nyumba, safari, mtaji, kulala, yanavyopata maana mpya bila kuacha ile ya zamani. Mwalimu wa semantiki angetafuta mifano bora kuliko hiyo wapi? Lakini kwenye simu, mara nyingi maelekezo huja kwa Kiingereza, na kete huhama zenyewe. Kijana anaweza kulimudu bao bila kutamka neno moja la bao.

Sisemi kwamba mashine ni adui. Inamfaa asiye na mwenzake wa kucheza naye, haichoki na mwanagenzi, na huhesabu bila kukosea. Pengine imewafikisha kwenye bao vijana ambao wasingekaa barazani hata siku moja. Hofu yangu ni nyingine. Bao lilipata watafiti, likaandikwa, ndiyo maana kanuni zake zimefika kwenye kompyuta. Ikibuguzo haina bahati kama hiyo. Kijana wa Burundi akiona ubao wa safu nne kwenye simu, atauchukua kuwa ndio mchezo wenyewe, na kanuni za babu yake atazihesabu kuwa makosa.

Kazi iliyo mbele yetu walimu na wanafunzi wa lugha haihitaji fedha nyingi. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu anaweza kwenda Buyenzi, au Rumonge na Nyanza-Lac, akaketi na wachezaji, akaandika istilahi wanazotumia: zipi ni za Kiswahili, zipi za Kirundi, zipi zimechanganyika. Orodha kama hiyo, ikiwa na maelezo na mifano ya matumizi, ndiyo atakayoihitaji mwandishi wa programu siku atakapotaka kuiweka ikibuguzo kwenye simu, au kulifanya bao lizungumze Kiswahili. Wanafunzi walio tayari kuanza kazi hiyo wanakaribishwa kuonana na walimu wa isimu katika idara, na walio na wazee wachezaji nyumbani waanze nao.