Shule ya Leta na shule ya prive: ni nani anamlipa mwalimu?



Kila mwanzo wa mwaka wa masomo swali lile lile linarudi mkutanoni: sanduku letu lilipie watoto wachache wasome prive, ao lisaidie shule ya Leta ambako watoto wetu wengi wako? Wengine wanasema prive njo wanafundisha, kwa Leta wanachunga watoto tu. Kabla ya kuamua, tuangalie kwanza tulikotoka.

Hapo zamani shule zilikuwa mikononi mwa misioni. Mwaka 1906 Dola Huru ya Kongo ilipatana na Vatikano: wamisionari Wakatoliki wapewe ardhi, nao wafungue shule. Waprotestanti walikuwa na shule zao pia, lakini msaada wa pesa za serikali ya Wabelgiji waliupata baada ya Vita ya Pili ya Dunia. Mwaka 1954 waziri wa makoloni, Auguste Buisseret, alianza kufungulia watoto Wakongomani shule za serikali zisizo za dini. Kwa hiyo wazee wetu wengi walisomea kwa mapadri ao kwa wachungaji.

Mwaka 1974 Mobutu akazichukua shule za makanisa zote zikawa za Leta. Haikudumu. Mwaka 1977 Leta ilitia sahihi mkataba na makanisa, ikawarudishia usimamizi. Njo maana mpaka leo tuko na shule za konvansione: kanisa linasimamia, lakini mshahara unatoka kwa Leta. Hizo ni shule za Leta, hata kama jina la mtakatifu limeandikwa ukutani. Wengi wetu tunachanganya hapo. Prive ni ile ya mtu ao ya kikundi, inayoishi kwa minervali ya wazazi.

Kisha ikaja njaa ya walimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 pesa ilipoteza thamani, walimu wakagoma, na mwaka wa masomo 1991-1992 ukapotea. Wazazi wakakubali kuchanga ili mwalimu arudi darasani. Mchango ule, primu, ulisemwa ni wa muda mfupi. Ulikaa zaidi ya miaka 25. Tangu hapo hata shule ya Leta ikawa ya kununua.

Sisi tuliokuwa ng'ambo ya ziwa hatukuonja hayo. Kambini Nyarugusu na Lugufu watoto walisoma programu ya Kongo bila kulipa, wakifundishwa na walimu wakimbizi wenzetu kwa posho kidogo. Mwaka 2005 meli za kurudisha watu zilianza kutoka Kigoma kwenda Baraka. Tulishuka na watoto na vyeti vyao mkononi, na shuleni wakatuuliza: primu iko wapi? Binti yangu alirudishwa nyumbani mara tatu katika trimesta moja. Mara ya tatu hakulia tena. Aliweka daftari chini, akaenda kutwanga.

Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema shule ya msingi ya Leta ni bure. Utekelezaji ulianza Septemba 2019. Tulifurahi sana, na wazazi wengi walitoa watoto prive wakawapeleka kwa Leta. Lakini madarasa yakajaa, mwalimu akapoteza primu, na mshahara haukupanda vya kutosha. Kuna walimu wanaofundisha kila siku na hawako bado kwenye listi ya mishahara. Mwaka 2021 mwezi wa kumi walimu wakagoma tena.

Sasa, nani anafundisha vizuri? Prive mara nyingi watoto ni wachache, mwalimu anasahihisha madaftari yote, na Kifaransa kinaanza mapema. Lakini pale mzazi asipolipa, mwalimu naye halipwi, na vakansi ndefu mara nyingi anaipita mikono mitupu. Akipata nafasi kwingine, anaenda katikati ya mwaka. Kwa Leta kuna walimu wenye diploma ya ualimu na miaka mingi ya kazi, na madarasa ya kwanza yanatumia Kiswahili, mtoto anaelewa anachosoma. Lakini mwalimu huyo huyo akiwa na watoto wanaoketi chini mpaka mlangoni, atamfikia nani?

Miaka yote hiyo inaonyesha jambo moja: jina la shule halifundishi. Mwalimu aliyelipwa, mwenye darasa la kiasi, njo anafundisha, awe wa Leta ao wa prive.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Sanduku lisilipie minervali ya watoto watano. Linunue madawati na vitabu kwa shule ya Leta iliyo karibu, na kamati ifuatilie faili za walimu wasiolipwa mpaka waingie kwenye listi. Najua mama mmoja atasimama aseme mtoto wake hawezi kungoja faili. Ana haki, na mimi mwenyewe nilikuwa mzazi kama yeye. Tumsikilize kwanza, kisha tupige kura.