Mungu wa Bahari Akaaye Mlimani

Mji wa Kotohira, mkoani Kagawa katika kisiwa cha Shikoku nchini Japani, hauko pwani. Hata hivyo, juu yake, ubavuni mwa mlima Zozu, lipo hekalu la Kishinto ambalo mabaharia wamelipelekea nadhiri zao kwa karne nyingi. Inaelezwa kwamba manahodha wa bahari ya Seto waliutazama mlima huo kujua walipo. Basi si ajabu mlinzi wao akawekewa makao huko juu.

Kulifikia hekalu kuu ni ngazi 785 za mawe. Za mwanzo zimebanwa na maduka ya tambi na ya kumbukumbu, na baadhi ya wenye maduka huazima wageni fimbo za kutembelea. Kwenye ngazi ya 365 kuna lango kubwa. Ukilipita tu, biashara inakoma, isipokuwa wauzaji watano wa peremende, kila mmoja chini ya mwavuli mkubwa mweupe. Familia zao ndizo pekee zenye ruhusa hiyo tangu zamani. Peremende yao ni bapa, ya manjano, na inauzwa pamoja na kinyundo kidogo cha kuivunjia.

Zama za Edo, raia wa kawaida hakuzurura nchini apendavyo, ila kwenda kuhiji ilikuwa sababu iliyokubalika. Asiyeweza kwenda alituma mtu. Asiye na wa kumtuma, alimtuma mbwa! Alimfunga shingoni kifuko chenye jina la mwenyewe, sadaka na fedha za chakula, kisha wasafiri wakapokezana naye njiani hadi hekaluni. Mabaharia nao walitosa majini pipa lenye sadaka, na chombo kilicholiokota kilibeba jukumu la kulifikisha. Ninavyoona mimi, hiyo mikono ya watu wasiojuana inastahili kustaajabiwa kuliko jengo lolote la huko juu.

Si wajumbe wote waliofaulu. Simulizi zinamtaja Mori no Ishimatsu, aliyetumwa na mkuu wa genge lake kutimiza nadhiri. Alipofika ngazi ya 628, kwenye jengo la Asahi lenye nakshi kila mahali, akadhani ndiko kwenyewe. Akasali, akageuka, akateremka. Ukiliona jengo lenyewe utamsamehe.

Kwa muda mrefu hapa Ushinto na Ubuddha vilikaa nyumba moja, na mungu aliyeitwa Konpira alikuwa na asili ya India. Mwaka 1868 serikali ya Meiji iliamuru dini hizo zitenganishwe: hekalu likawa la Kishinto tupu, likapewa jina la Kotohira. Amri ilibadilisha vibao, si ndimi. Mpaka leo watu wanasema Konpira-san.

Kutoka uwanja wa juu unaona uwanda wa Sanuki na mlima Iino uliochongoka katikati yake. Pembeni kuna ukumbi wa picha za nadhiri, umejaa meli: za matanga, za mizigo, za mafuta. Kati yake imo mashua ya nguvu za jua ambayo Horie Kenichi aliivushia bahari ya Pasifiki mwaka 1996, na picha ya Akiyama Toyohiro, Mjapani wa kwanza kufika anga za juu, mwaka 1990. Huyo naye alihesabiwa msafiri wa chombo.