Mgongo wa fundi

Mitihani imeisha, bumu liliisha kabla ya mitihani, sasa nipo nyumbani Lamadi. Juzi mjomba, fundi wa malori hapa njia panda ya kwenda Bariadi, kaamka hawezi kufunga viatu. Mgongo. Yeye anasema baridi ya ziwa. Mimi nakumbuka giaboksi ya Fuso waliyoishusha kwa mikono siku moja kabla, yeye akiwa chini kalala chali.

Sisi wa historia tunapenda kurudi nyuma. Mwaka 1700 daktari Ramazzini wa Italia aliandika kitabu cha magonjwa ya mafundi, akataja mikao mibaya ya mwili. Huku kwetu Mwingereza alileta sheria ya fidia mwishoni mwa miaka ya 1940, na ya viwanda mwaka 1950. Jicho lake kubwa lilikuwa kwenye mashine na boila. Kidole kikikatika kila mtu anaona, lakini mgongo unaharibika kimya kimya miaka kumi, halafu unaambiwa uzee.

Tulipopata uhuru tukabaki na sheria hizo hizo. OSHA ilianzishwa 2001, sheria mpya ya usalama kazini ikaja 2003, ya fidia 2008. Kabla ya hapo kikomo cha fidia ya ulemavu wa kudumu kilikuwa shilingi 108,000, jamani! Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza kazi 2015, nao unachangiwa na waajiri. Sasa mjomba mwajiri wake nani? Gereji yake ni mwembe na vijana watatu wanaojifunza.

Nikamwambia kwamba tangu 1967 Shirika la Kazi Duniani linapendekeza mwanaume asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Akacheka: "Mwanangu, giaboksi haijasoma hiyo." Nikamweleza tena: mzigo ukiwa mbali na kifua, kiuno kinabeba mara nyingi zaidi, kwa hiyo uvute karibu, piga magoti, nyanyua wawili. Kwa giaboksi, ni winchi ya mnyororo na miguu mitatu ya chuma. Hapo akanyamaza. Akasema Mwanza zipo, akimaliza kazi mbili atanunua.

Jioni lori la pamba likaingia, klachi imekufa. Mjomba akaingia chini huku kashika kiuno. Mimi nikapewa tochi.