ZFS na leseni ya Linux

ZFS ni mfumo wa kupanga na kutunza mafaili kwenye diski, uliobuniwa na kampuni ya Marekani ya Sun Microsystems. Msimbo wake chanzo ulitolewa kwa umma mwaka 2005 kupitia OpenSolaris, chini ya leseni huria ya CDDL. Leseni hiyo ndiyo chimbuko la mgogoro wa kuufungasha pamoja na Linux.

Kiini cha Linux kina leseni ya GPL toleo la 2, inayotaka kazi iliyotokana nacho isambazwe kwa masharti yaleyale. CDDL nayo inataka mafaili yake yabaki chini ya CDDL. Kila leseni peke yake inaruhusu kunakili na kurekebisha. Ugumu huanza pale kazi hizo mbili zinapounganishwa na kusambazwa. Anayeziunganisha kwenye kompyuta yake kwa matumizi yake mwenyewe habanwi, kwa kuwa sharti hilo la GPL huhusu usambazaji. Kwa sababu hiyo Debian, mfumo endeshi unaotumia Linux, hutoa ZFS kama msimbo chanzo, na moduli yake, yaani sehemu inayopachikwa kwenye kiini, hujengwa kwenye mashine ya mtumiaji. Canonical, watengenezaji wa Ubuntu, mfumo mwingine wa Linux, walikwenda mbali zaidi: toleo la 16.04 la mwaka 2016 lilikuja na moduli iliyokwisha kujengwa. Shirika la Software Freedom Conservancy lilisema huo ni ukiukaji wa GPL. Canonical ikashikilia kuwa moduli hiyo ni kazi inayojitegemea.

Mfumo endeshi wa FreeBSD, wenye leseni isiyo na sharti hilo la GPL, umekuwa na ZFS tangu toleo la 7.0 la mwaka 2008.