Mkono wa Mtunzaji: Chura wa Kihansi na Elimu ya Kutunza Viumbe wa Porini

Utamaduni wa taifa hauishii katika ngoma, mavazi na mashairi. Namna watu wanavyofanya kazi, na namna wanavyorithishana ujuzi wa kazi hiyo, ni sehemu ya utamaduni wao vilevile. Mhunzi, mfinyanzi, msusi wa mikeka na nahodha wa jahazi wamekwisha kupata waandishi wa kuwaeleza. Katika insha hii tunakusudia kuieleza kazi isiyotajwa sana, nayo ni changa nchini mwetu: kazi ya kumtunza mnyama wa porini aliye kizuizini kwa nia ya kumrudisha kwao. Mfano wetu hautakuwa simba wala tembo, bali chura wa Kihansi, kiumbe awezaye kukaa juu ya ukucha wa kidole gumba.

Lugha yetu imeyagawa vizuri mahusiano ya binadamu na wanyama. Tunayo maneno kuwinda, kufuga, kuhifadhi na kutunza. Mwindaji humfuata mnyama ili amuue. Mfugaji huishi naye ili apate maziwa, nyama, mbolea au mahari. Mhifadhi hulinda mahali anapoishi mnyama, na mara nyingi humtazama kwa mbali. Mtunzaji ni mtu wa namna nyingine: humlisha na kumwuguza mnyama asiye wake, wala hatarajii maziwa au nyama. Katika kuwinda na kufuga wazee wetu walikuwa na ujuzi mwingi, na misitu ya mizimu yaonyesha kwamba kuhifadhi nako hakukuwa jambo geni kwao. Lakini kumtunza mnyama wa porini kizuizini, kizazi baada ya kizazi, ni kazi ambayo haikupata shule yake hapa kwetu kwa muda mrefu.

Si kwamba wanyama wa nchi hii hawakuwekwa vizuizini zamani. Wakati wa ukoloni twiga, vifaru na tembo wachanga walinaswa na kusafirishwa hadi kwenye bustani za wanyama za Ulaya na Marekani. Filamu iitwayo Hatari!, iliyopigwa Tanganyika na kutolewa mwaka 1962, inasimulia biashara hiyo. Waafrika walishiriki katika kunasa na kulisha. Hata hivyo, mnyama alipopakiwa melini, kazi ya kujifunza namna ya kumweka hai kwa miaka mingi ilifanyika huko alikokwenda. Kwa maneno mengine, mnyama alitoka kwetu, na elimu juu yake ikakua ugenini.

Viongozi wa taifa walilitambua pengo la elimu tangu mapema. Mwezi Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya uhuru wa Tanganyika, Mwalimu Julius Nyerere alitoa tamko juu ya wanyama wa porini katika mkutano uliofanyika Arusha. Tamko hilo, ambalo halipaswi kuchanganywa na Azimio la Arusha la mwaka 1967, lilieleza kwamba uhifadhi wahitaji maarifa ya kitaalamu, watu waliofunzwa na fedha. Mwaka 1963 kikafunguliwa Chuo cha Mweka chini ya Mlima Kilimanjaro, na mwaka 1966 kikaanzishwa chuo cha Pasiansi huko Mwanza. Vyuo hivyo vimelea vizazi vya wahifadhi na askari wa wanyamapori. Lakini shabaha yake kubwa ilikuwa mbuga na pori, yaani kumlinda mnyama akiwa kwao. Siku ambapo mnyama angepoteza kwao, ingehitajiwa elimu nyingine.

Siku hiyo ilifika katika milima ya Udzungwa. Mto Kihansi huteremka kutoka milima hiyo kuelekea bonde la Kilombero, na katika korongo lake maji huporomoka zaidi ya mita 800 kwa mwendo wa kilomita chache. Kabla ya mto kuzuiliwa, maporomoko yalitupa manyunyu mchana na usiku juu ya majani na mawe ya kando. Mwaka 1996, wakati wa uchunguzi wa mazingira uliofuatana na ujenzi wa mitambo ya umeme, wataalamu walimkuta hapo chura mdogo wa rangi ya manjano ambaye hajapata kuonekana mahali pengine popote duniani. Miongoni mwa wanasayansi wanne waliomweleza na kumpa jina la kitaalamu, Nectophrynoides asperginis, alikuwamo Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Jina hilo la pili limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya manyunyu.

Chura huyu hazidi sentimita 3 kwa urefu. Tofauti na vyura wengi, jike hatagi mayai majini, bali huzaa watoto walio hai, kila mmoja akiwa mdogo kuliko punje ya mchele. Makao yake yote yalikuwa kama hekta 2 tu, sawa na viwanja vitatu hivi vya mpira. Hakuwa na pa kukimbilia.

Bwawa la Kihansi lilikamilika, na mitambo yenye uwezo wa megawati 180 ikaanza kazi kati ya mwaka 1999 na 2000. Umeme huo ulihitajiwa sana na viwanda, hospitali, shule na nyumba za wananchi. Lakini ili mitambo izunguke, sehemu kubwa ya maji, kiasi cha asilimia 90, iliondolewa mtoni na kupitishwa katika handaki. Manyunyu yakakoma na majani yakaanza kukauka. Wapo waliouliza, na swali lao halikuwa la kipumbavu, iwapo taifa lenye watu wengi wasio na taa lingepaswa kusumbuka kwa ajili ya chura. Wahenga walisema kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Hapa, hata hivyo, ng'ombe alikuwa amekwisha kunywa, na mto ulikuwa umebaki karibu mtupu. Lililobaki kuamuliwa ni kama chura aachwe afe.

Hatua mbili zilichukuliwa. Ya kwanza ilikuwa kutandika mabomba korongoni ya kunyunyiza maji badala ya maporomoko, kazi iliyoanza kuonekana mwaka 2001. Ya pili ilitangulia kidogo: mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walikusanywa na kupelekwa kwa ndege hadi bustani ya wanyama ya Bronx mjini New York, kisha wengine wakagawiwa bustani nyingine za Marekani.

Hapa pana funzo la kwanza la historia hii. Bustani hizo zilikuwa na fedha, madaktari na vyombo vya kila aina, lakini hazikumjua chura wa Kihansi. Wengi waliugua na kufa. Minyoo ya mapafu ilikuwa mojawapo ya sababu. Bustani sita zilijaribu, na mwisho ni Bronx na Toledo tu zilizoendelea. Kufikia Desemba 2004, vyura waliokuwa hai vizuizini walikuwa pungufu ya 70. Watunzaji walirudi katika mambo ya msingi: mwanga, unyevu, chakula, usafi. Walitambua kwamba chura huyu ahitaji taa zenye miale inayofanana na ya jua, kwa nguvu kubwa kuliko walivyodhani. Polepole watoto wakazaliwa na kukua, na idadi ikapanda hadi maelfu. Ni dhahiri basi kwamba ujuzi huu haukushuka kutoka mbinguni wala haukuwa mali ya kabila fulani la watu. Ulichumwa kwa makosa na kwa kuangalia.

Wakati huohuo mambo ya korongoni yaligeuka. Mwanzoni mabomba yalileta nafuu, na katikati ya mwaka 2003 vyura walikisiwa kuwa karibu 20,000. Miezi michache baadaye walianza kutoweka kwa kasi ya kutisha, na mwanzoni mwa mwaka 2004 walioonekana walihesabika kwa vidole. Kuvu liitwalo kitridi, ambalo limeangamiza vyura katika mabara mengi, liligunduliwa katika miili yao, na sababu nyingine pia zimetajwa. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa rasmi kuwa ametoweka porini. Uhai wake wote ulibaki katika makasha ya kioo, mbali na Udzungwa kwa safari ya bahari na bara.

Kumrudisha chura lilikuwa jambo linalotamaniwa na wote, lakini hapakuwa na maana ya kuwapandisha vyura ndege ikiwa hakuna wa kuwapokea. Kwa hiyo kilichohitaji kurudi kwanza kilikuwa ujuzi. Watunzaji kutoka Tanzania walikwenda kujifunza Bronx na Toledo, na katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikatayarishwa kituo maalumu cha kuwazalisha vyura.

Yafaa tueleze mafunzo hayo yana nini ndani yake, maana wengi hudhani kwamba kumtunza chura ni kumtupia nzi na kuondoka. Mtunzaji wa chura huanza kwa kuwa mfugaji wa wadudu. Hana budi kuzalisha inzi wa matunda, nyenje wachanga na vidudu vingine vidogo sana, kwa kuwa chura mwenye ukubwa wa punje hawezi kumeza chakula cha mkubwa. Wadudu wenyewe hulishwa vizuri na kunyunyiziwa unga wa madini na vitamini kabla ya kutolewa. Maji ya manyunyu husafishwa kwanza. Joto hupimwa, kwani korongo la Kihansi lina ubaridi, na Dar es Salaam ni mji wa joto. Viatu vya nje havivukishwi mlangoni, wala mikono haihamishwi kutoka kasha hadi kasha bila kusafishwa, kwa sababu kuvu na minyoo husafiri kwa njia hizo. Kila anayezaliwa na kila anayekufa huandikwa, na mzoga huchunguzwa ili ujulikane ugonjwa. Zaidi ya yote, mtunzaji hujifunza kutazama. Chura halii anapoumwa. Yeye hubadili mahali pa kukaa, rangi yake hufifia, au hukataa mdudu aliyempenda jana.

Tukilinganisha jambo hili na desturi zetu, tutaona kwamba si geni kabisa. Mfugaji wa Kimasai au wa Kisukuma humtambua ng'ombe mgonjwa kabla ya daktari wa mifugo kufika, kwa kuwa amemwona akila, akitembea na akilala kila siku. Jicho ni lilelile. Kilichobadilika ni daftari, kipima joto na kasha la kioo. Kwa sababu hiyo twaweza kusema kwamba mafunzo hayo yaliongeza vyombo vipya juu ya tabia ya zamani ya uangalifu.

Mwezi Agosti 2010 vyura 100 walirudi Tanzania na kupokewa katika kituo cha Dar es Salaam. Kuanzia hapo wajibu wa kila siku ulikuwa mikononi mwa Watanzania. Katika kituo kuna jambo moja linalostahili kufikiriwa na kila mwanafunzi. Taa, pampu na mashine za ubaridi zinazomweka chura hai zote zaendeshwa kwa umeme. Chura aliyepoteza makao kwa ajili ya umeme amekuwa akiishi kwa umeme.

Kumrudisha korongoni hakukufanywa kwa pupa. Udongo na mimea vililetwa kutoka Kihansi na kuwekwa pamoja na vyura wa kituoni, na vyura wa jamii nyingine wa huko wakachanganywa nao, ili kuona kama ugonjwa ungezuka. Haukuzuka. Mwaka 2012 kundi dogo la majaribio lilipelekwa korongoni, na mwishoni mwa mwaka huo wakaachiliwa vyura wapatao 2,000. Inahesabiwa kuwa mara ya kwanza duniani kwa jamii ya vyura iliyokwisha kutangazwa kutoweka porini kurudishwa makaoni pake. Kazi haikumalizika kwa safari hiyo moja, kwa kuwa kuvu halikwenda likizo na manyunyu ya mabomba si manyunyu ya mto. Makundi mengine yalipelekwa miaka iliyofuata, na makasha hayakufungwa.

Wapo watakaoendelea kuuliza faida ya chura huyu ni nini. Sisi hatutadai kwamba anatibu maradhi au analeta watalii wengi. Hatuna haja ya kumpamba. Jibu letu ni kwamba alikabidhiwa korongo moja la nchi moja, na nchi hiyo ni yetu. Umeme wa Kihansi tuliutaka kwa haki, na gharama yake hatukuikwepa. Kuwatunza vyura ni sehemu ya kuilipa gharama hiyo. Taifa lisilo na watu wa kufanya kazi hiyo hulipa kwa kuomba wengine wawatunze, na hungoja waamue lini na vipi vitu vyake virudi.

Hapo ndipo tofauti ya mfugaji na mtunzaji inapodhihirika. Mfugaji hufurahi zizi lake linapojaa. Mtunzaji wa mnyama wa porini hufanya kazi kwa miaka ili siku moja afungue kasha na kumwacha aende, bila kujua kama ataonekana tena. Walimu wanaofundisha vijana wataifahamu kazi hiyo bila maelezo marefu. Nao vijana wanaosoma elimu ya viumbe wasiione kuwa kazi ya watu wa ng'ambo, maana makasha yapo Dar es Salaam, korongo lipo Udzungwa, na kila asubuhi yupo anayepaswa kuingia, kunawa mikono na kuhesabu.