Mkataba wa Miaka Mitatu

Jioni moja, baada ya mafundisho, baba mmoja wa parokia yetu alitungoja mlangoni ili atuulize neno. Yeye ni mfanyakazi wa mgodi. Mama yake alikuwa mgonjwa sana huko Kongolo, na siku zake za mapumziko za mwaka ule zilikuwa zimekwisha. Akienda bila ruhusa, labda atafukuzwa kazi. Asipoenda, labda mama atakufa bila kumwona. Sisi tulimjibu haraka, kama watu wasiokula mshahara wa mgodi: nenda, mama ni mmoja. Akatutazama, akasema: "Na watoto sita, katekista, watakula nini?" Tukanyamaza.

Tangu siku ile tumelifikiri jambo hili mara nyingi, tukaona kwamba swali lake si la jana. Hapa Katanga lina umri wa miaka zaidi ya mia moja, na yafaa kujua namna lilivyozaliwa.

Hapo kale kazi na jamaa havikutengana. Mtu alilima, alivua, aliwinda pamoja na ndugu zake, na aliyefiwa aliacha jembe bila kumwomba mtu ruhusa. Kampani ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Reli iliyotoka kusini ikafika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Mwaka 1911 shaba ya kwanza ikayeyushwa. Kampani ilitaka watu wengi kuliko waliokaa karibu. Basi mwaka 1910 kukawekwa ofisi ya kuandika wafanyakazi, jina lake Bourse du Travail, nayo ikatuma watu wake vijijini. Mwaka ule ule serikali iliamuru kodi ya kichwa ilipwe kwa fedha. Tusisahau kodi hii. Wengi hawakwenda mgodini kwa kupenda shaba; walikwenda kwa sababu franka hazikuota shambani.

Mikataba ya kwanza ilikuwa mifupi, mara nyingi miezi sita. Mwanamume alimwacha mke na watoto, akaenda, akachimba, akarudi na nguo na fedha ya kodi. Hatusemi kwamba maisha yale yalikuwa mema. Watu walilala wengi katika nyumba mbovu, chakula kilikuwa kibaya, magonjwa yaliua wengi, na homa kubwa ya mwaka 1918 ikaongeza makaburi. Lakini mkataba ule ulikuwa na jambo moja ambalo babu zetu walilishika sana: mwisho wake ulionekana. Mtu alihesabu miezi kwa vidole, akajua kama atafika nyumbani kabla ya mvua.

Ndiyo sababu kampani haikuupenda. Kila aliyerudi kwao alirudi na ufundi aliokwisha kujifunza, na mahali pake akaja mgeni asiyejua kitu, aliyegharimu safari na kuugua upesi. Serikali nayo iliona vijiji vinapungukiwa wanaume. Huko Rhodesia ya Kaskazini migodi mipya ilianza kuwavuta watu waliozoea kuja Katanga. Kampani ikatafuta hata Ruanda-Urundi kuanzia 1925, na wengi wa wale waliotoka katika milima ya baridi wakafa. Ndipo wakubwa wake walipoona kwamba ni afadhali kumshika mtu mmoja muda mrefu kuliko kutafuta watu kumi kila mwaka. Karibu na mwaka 1928 mkataba wa miaka mitatu ukawa ndio desturi. Tena wakaelewa neno moja kubwa: mwanamume hatakaa miaka mitatu mbali na mke wake. Basi mke aje!

Hapa yatupasa kusema kweli yote. Waliooa walipewa nyumba. Mke alipata posho yake, na watoto yao. Kijana asiye na mke aliweza kukopeshwa fedha ya mahari. Mama waja wazito waliangaliwa na waganga, watoto wachanga walipimwa, na shule za kambi zikakabidhiwa kwa mapadri Wabenedikto wa Monsinyori de Hemptinne. Vifo vilipungua sana. Daktari Léopold Mottoulle, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa kazi hiyo, alieleza mpango wote katika kitabu chake cha mwaka 1946. Mtoto aliyezaliwa kambini alikuwa na tumaini la kuishi ambalo mtoto wa mwaka 1915 hakuwa nalo. Anayeyadharau haya hajamzika mtoto.

Watu wakazoea kusema: kampani njo baba, njo mama. Ni neno la shukrani. Lakini tulisikilize tena. Kama kampani ni baba na mama, basi yule mama wa Kongolo ni nani? Zamani mfanyakazi aliyechoka aliweza kutupa koleo na kurudi kwa mkewe. Sasa mke, kitanda, posho na shule ya watoto vyote vilikuwa katika mkono mmoja na mshahara. Akiacha kazi, anaitoa jamaa yake nje siku ile ile. Hata ndugu aliyekuja kumtembelea ilimpasa kupata ruhusa ya mkubwa wa kambi.

Na yule baba hakukosa kuwafukuza wanawe. Bei ya shaba ilipoanguka baada ya 1930, zaidi ya nusu ya wafanyakazi waliondolewa kazini, na wengi wakarudishwa vijijini pamoja na watoto waliokuwa hawajawahi kushika jembe. Mwezi wa Desemba 1941, wakati wa vita, bei za vitu zilipopanda, wafanyakazi wa Lubumbashi waligoma kudai mshahara. Tarehe 9 askari waliwapiga risasi katika uwanja wa mpira, makumi wakafa, naye Léonard Mpoyi, kalani aliyesema kwa niaba yao, akawa mmoja wao. Waliogoma siku ile waliweka mezani mshahara, na nyumba pia.

Mwaka 1967 kampani ikawa mali ya taifa, baadaye ikaitwa Gécamines. Posho na shule viliendelea, kisha vikadhoofika. Mgodi wa Kamoto ulibomoka mwaka 1990, na mwishoni watu walifanya kazi miezi mingi bila mshahara. Kwa nini hawakuondoka? Wazee wametujibu: tungekwenda wapi? Mwaka 2003, kwa fedha ya Benki ya Dunia, zaidi ya watu 10,000 walilipwa mara moja wakaacha kazi. Iliitwa kuondoka kwa hiari. Wengine walirudi kulima, wengine wakaingia katika mashimo ya kuchimba kwa mikono, na wengi waligundua kwamba kule walikoita nyumbani hakuna tena anayejua sura zao.

Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inampa mtu mzima angalau siku moja ya mapumziko kwa kila mwezi wa kazi, yaani kumi na mbili kwa mwaka, na siku moja zaidi kwa kila miaka mitano aliyotumika. Akifiwa na mzazi hupewa siku nne. Akizaliwa mtoto, mbili. Aliyeandika siku nne labda alifikiri mzazi anakaa mtaa wa pili. Kutoka Lubumbashi hadi Kongolo kwa treni, safari ya kwenda peke yake inaweza kuzimaliza zote.

Yule baba hakwenda. Alimtuma mke wake pamoja na mtoto mdogo. Juma la pili habari ilifika kwamba mama amekufa, na kazini wakampa siku zake nne bila ubishi. Alikaa kilio hapa hapa mjini, chini ya turubai, sisi tukisali naye kila jioni. Siku ya tano alfajiri tulimwona njiani amevaa kofia ya kazi.